Kwa Agnes, kuhusu Dastan na nchi isiyokuwa na dini

Mikindani, Mtwara

Mpendwa shoga yangu Agnes,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Mama, na wote hapo Masasi. Sisi huku wazima, ila joto limetuzidi na maji ya bomba yanatoka yakitaka. Bi Somoe anakusalimia. Anauliza zile choroko zilifika, au zimeishia njiani kama safari ile.

Ama baada ya salamu, barua yako nimeisoma na kuirudia, na nimeona nisingoje tukutane kwenye arobaini ya Mzee Chilumba, maana pale watu watakuwa wengi na jambo lenyewe halitaki masikio mengi. Umeandika kwamba Dastan, mtoto wa ndugu yako, amesema mbele ya ukoo kuwa haamini. Ukaandika kwamba ameitwa shahidi kwenye kesi ya shamba na amekataa kushika Biblia. Ukaandika kwamba kaka yako, mjomba wake, amewaka, anasema kijana kaharibiwa na serikali kwa kuwa Katiba yenyewe imeandika nchi haina dini, na anatishia kumnyima mikorosho. Kisha chini kabisa, kwa wino mwingine, ukachomeka habari ya Asha wa Lindi, binti wa Kiislamu anayetaka kuoana na Dastan, kana kwamba hilo ni dogo!

Nianze na la kaka yako, kwa sababu hilo ndilo linalovuruga mengine yote. Mjomba kwetu ana kauli, na akishika neno visivyo, ukoo mzima unalishika visivyo.

Maneno anayoyasema yapo kweli. Ibara ya 3 ya Katiba ya 1977 inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi ya kidemokrasia, ya kijamaa na isiyokuwa na dini. Lakini mwambie asiishie hapo, afungue Ibara ya 19. Huko atakuta kila mtu ana haki ya uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini au imani yake. Atakuta kwamba kutangaza dini, kufanya ibada na kueneza dini ni jambo huru na la hiari ya mtu binafsi. Na atakuta kwamba shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini viko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara ya 20 nayo inazuia kusajiliwa kwa chama cha siasa kinachokusudia kukuza maslahi ya kundi la dini. Yasome yote kwa pamoja, Agnes. Hakuna mahali panapomwambia mwananchi asiamini. Linalosemwa ni kwamba dola haina dini yake, kwa hiyo haiwezi kumuuliza raia kwa nini hasali inavyosali yenyewe.

Huu ndio wanaouita usekula. Ni utaratibu wa kuendesha dola, na imani ya mtu moyoni ni habari nyingine kabisa. Mtu anaweza kuwa padri na akautaka utaratibu huo. Mwingine anaweza asiamini kitu na asiutake, akatamani serikali iwafungie watu misikiti na makanisa. Mambo haya mawili yanakwenda kila moja njia yake, na nchi zenyewe zinaonyesha. Uingereza mpaka leo ina kanisa la dola, mfalme ndiye mkuu wake, na maaskofu 26 wana viti katika Baraza la Malords, bunge lao la juu, kwa uaskofu wao. Pamoja na hayo watu wasioamini wamejaa tele. Marekani, kuanzia marekebisho ya kwanza ya Katiba yao mwaka 1791, Bunge limekatazwa kuweka dini ya taifa na kuzuia watu kuabudu, na Wamarekani wamebaki watu wa makanisani kuliko Waingereza. Kama kutenga dini na dola kungekuwa ndiko kunakozaa wasioamini, hali ingekuwa kinyume.

Halafu kuna Albania. Mwaka 1967 ilifunga nyumba zote za ibada ikajitangaza nchi ya wanaomkana Mungu, na mwaka 1976 ikaliweka jambo hilo katika katiba. Wapo wanaoitaja Albania wakisema ndiko usekula unakoishia, nami napinga kwa nguvu zangu zote. Dola ile ilishika upande. Iliwaambia raia waamini nini kuhusu Mungu, kama zilivyofanya dola za dini, ila jibu lake tu ndilo lilikuwa tofauti. Na hatuhitaji kwenda Ulaya. Ng'ambo ya Ruvuma, huko Msumbiji, ndugu zetu Wamakonde waliona baada ya uhuru wa 1975 misheni zikipokonywa shule na hospitali, na viongozi wa Frelimo, chama kilichoshika nchi, wakizisema dini hadharani kuwa ni ujinga, mpaka walipoanza kulegeza miaka ya 1980. Katiba yao ilisema dini na dola vimetengana. Vitendo vikasema dola inapigana na dini. Kaka yako ana haki ya kuliogopa jambo la namna hiyo. Lakini halimo katika Ibara ya 3 yetu, na halimo kwa Dastan, kijana ambaye amesema tu kuwa yeye mwenyewe haamini.

Mkumbushe pia, maana yeye ni mtu wa kanisa, kwamba wa mwanzo kupigania utengano huu walikuwa waumini wakali. Roger Williams alikuwa mhubiri. Alifukuzwa Massachusetts, koloni la Kiingereza huko Amerika, kwa kusema watawala hawana mamlaka juu ya dhamiri ya mtu, na mwaka 1636 akaanzisha Providence, mahali ambapo hakuna aliyelazimishwa ibada. Mwaka 1801 Wabaptisti wa Danbury, Connecticut, walimwandikia Rais Jefferson wa Marekani kulalamika, kwa kuwa jimbo lao lilikuwa na kanisa lake rasmi na wao walikuwa wachache. Jibu lake la Januari 1802 ndilo lenye yale maneno ya ukuta baina ya kanisa na dola. Waliouomba ukuta ule walikuwa wakristo, na waliuomba ili waweze kusali.

Wasioamini waliingia baadaye. Mwingereza George Holyoake, aliyefungwa miezi 6 mwaka 1842 kwa kukufuru, ndiye aliyeanza kulitumia neno lenyewe, usekula, mwaka 1851. Alitaka mambo ya dunia hii yaamuliwe kwa hoja na uzoefu wa dunia hii, na akashikilia kwamba si lazima umkane Mungu ndipo ukubaliane naye. Mwenzake Charles Bradlaugh alipinga, akasema kwa mantiki mtu huishia kwenye kumkana tu. Mwaka 1870 wakakaa kwenye mdahalo wa hadhara juu ya jambo hilohilo linalowagombanisha ninyi sebuleni. Mimi niko na Holyoake.

Sasa Dastan. Kabla hamjaendelea kumwita majina, mwulizeni taratibu amesema nini hasa, kwa sababu hapo pana watu wa namna nyingi. Yupo anayesema hakuna Mungu. Yupo anayesema jambo hilo halijulikani na pengine haliwezi kujulikana, kwa hiyo hasemi yupo wala hayupo. Hao ndio mwanasayansi Mwingereza Thomas Huxley aliwatafutia jina lao, agnostiki, mwaka 1869, akijitaja mwenyewe kuwa mmoja wao. Yupo anayemwamini Mungu lakini amechoka na kanisa, au na msikiti, au na watu wake. Na yupo ambaye hajafikiri lolote, amekasirishwa na mtu mmoja. Nimeona umeandika kwamba kaka yako kamwita mpagani. Hilo silo. Huku kwetu neno hilo wamebandikwa wazee wa matambiko, na mzee anayepeleka unga kwenye kaburi la babu yake na kuomba mvua ana imani tele, tena ya kila siku. Askofu Vincent Lucas, hapohapo Masasi, aliliona hilo miaka ya 1920, ndiyo maana hakulifuta jando bali alilitengenezea njia ndani ya kanisa. Imani za mababu ni imani. Dastan, nijuavyo kwa barua yako, hayuko huko.

Tuje kwenye kesi, kwani hilo lina tarehe na haliwezi kungoja mtu atulie hasira.

Sheria ya Viapo na Matamko ya Kisheria, Sura ya 34, kifungu cha 4, inasema shahidi huapa. Lakini ikiwa shahidi ni wa imani isiyo ya Kikristo, au anakataa kuapa kwa sababu hana imani ya dini, au kwa sababu dini yake inamkataza kuapa, basi ataruhusiwa kutoa uthibitisho, yaani ahadi rasmi ya kusema kweli, badala ya kiapo, na uthibitisho huo una nguvu sawasawa na kiapo. Lisome tena hilo, shoga yangu. Mimi Mwislamu, Msabato wa jirani yako akiona kuapa ni dhambi, na Dastan asiyeamini, tumewekwa katika sharti moja. Nikiitwa barazani leo, hata nikishika Msahafu, kwenye jalada wataandika nimethibitisha. Mlango ninaopitia mimi ndio anaopitia yeye. Ukiufunga kwa ajili yake umenifungia na mimi, na hapo ndipo ninapotaka kaka yako apaangalie kwa makini kuliko pote, kwa sababu hajawahi kusema ushahidi wangu ni wa uongo.

Afanye hivi. Siku ya kesi, kabla hamjaingia, amwambie wakili wenu, na kama hamna wakili amwambie karani, kwamba atathibitisha, hataapa. Akiitwa ataulizwa jina, umri, makazi na dini. Ajibu kwa ufupi kwamba hana imani ya dini na kwa sababu hiyo anaomba kuthibitisha. Sababu hiyo lazima itamkwe, kwani sheria imeitaja. Akisema "sitaki tu", amejitafutia maswali. Asianze kuhutubia kuhusu Biblia, pale si mahali pake. Asiseme "Mkristo" kwa kuona aibu na kisha akakataa Kitabu, kwa sababu wa upande wa pili atasimama hapohapo na kusema huyu hata dini yake anaidanganya. Halafu, na hili watu wanalisahau, mhakikishe kumbukumbu ya shauri inaonyesha alithibitisha kabla ya kusema neno la kwanza. Ushahidi wa mtu ambaye jalada halionyeshi kuwa aliapa au alithibitisha unaweza kutupwa kwenye rufaa, na mara nyingi umetupwa. Mtashinda leo, mpoteze shamba kesho kwa mstari mmoja ambao haukuandikwa.

Na kama kaka yako anahofia kwamba asiyeshika Biblia atasema uongo bila woga, mwambie woga upo. Kudanganya baada ya kuthibitisha ni kosa lilelile la kusema uongo chini ya kiapo katika Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinafika miaka 7. Bradlaugh huyohuyo niliyemtaja alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 1880, akaomba kuthibitisha, wakamkatalia. Akasema basi nitaapa, wakamkatalia pia, eti kiapo cha asiyeamini hakina maana. Wananchi wake wakamchagua tena na tena mpaka akakaa kitini mwaka 1886, na mwaka 1888 ikapita sheria ya kuruhusu uthibitisho. Waliomzuia walikuwa tayari kumkubali mtu anayedanganya kwamba anaamini, wakamkataa aliyesema kweli. Ninyi msirudie hilo na mtoto wenu.

La Asha. Hapa nakuomba utulie, kwa sababu naona umeogopa zaidi kuliko kesi. Sheria ya Ndoa ya 1971 ina ndoa ya kiserikali, inayofungwa mbele ya msajili, kwa kawaida ofisini kwa Mkuu wa Wilaya, na haiulizi bwana na bibi kama wana dini moja wala kama wanayo. Wanapeleka taarifa ya kusudio la kuoana siku zisizopungua 21 kabla ya siku yenyewe, inabandikwa, na siku ya kufunga wanakuja na mashahidi wasiopungua wawili. Mtu anaweza kuweka pingamizi, lakini pingamizi ni la kikwazo kinachotajwa na sheria, kwa mfano mmoja wao tayari ana ndoa ya mke mmoja, au wana undugu uliokatazwa. "Simpendi" na "haswali" si vikwazo. Na waambieni mapema kwamba ndoa hiyo huchukuliwa kuwa ya mke mmoja mpaka ithibitishwe vingine. Ndoa ya Kiislamu ndiyo huchukuliwa kinyume chake.

Ila nikwambie kweli bila kuficha. Sheria itawaoza, haitawapatanisha na mama yake Asha. Kwa Waislamu walio wengi, binti kuolewa na asiye Mwislamu hakukubaliki, na ndoa ya serikali hawaihesabu kuwa ndoa mbele ya Mungu. Wataambiwa Dastan asilimu kwa siku moja ili mambo yaishe. Namsihi asifanye hivyo kama hana imani. Shahada ya uongo inamdhulumu Asha, inaidhulumu na dini yangu, na siku watakapopata mtoto au msiba deni hilo litadaiwa. Afadhali aende kwa wazee wa Lindi na jambo lake wazi, akiwa na mtu mzima mwenye heshima.

Kuhusu kumnyima mikorosho, kaka yako asikurupuke. Mali ya ukoo kwetu inapita upande wa mama, na mila hiyo ilikuwapo kabla ya misheni. Kama ni mali yake binafsi anaweza kuandika wasia apendavyo, kwa kufuata sheria inayomhusu. Akifa bila wasia mahakama itaangalia marehemu aliishi vipi ndipo iamue itumike sheria ipi ya mirathi. Ngumu ni upande wetu. Kwa fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, aliyetoka katika Uislamu harithi kwa Mwislamu, na wasia kwa asiye mrithi hauvuki theluthi ya mali. Kwa hiyo Asha naye asiseme ovyo mambo asiyoyamaanisha, kwa mapenzi tu.

Dastan naye ana la kuambiwa. Hakuna kifungu kinachomfanya mhalifu kwa kutoamini wala kwa kuacha dini. Lakini kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa mtu anayetamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mwenzake. Kusema "mimi siamini" ni haki yake. Kuingia kwenye kundi la simu la ukoo usiku wa Pasaka na kuandika yale uliyoninukulia, hapana. Mwache afute.

Sitaki udhani naona nchi yetu imelimaliza jambo hili. Wimbo wa taifa ni dua. Sikukuu za Idi, Maulidi, Krismasi na Pasaka ni za umma, na mimi nazipenda hivyo. Sisi hatukufuata njia ya Ufaransa ya sheria yao ya 1905 ya kutenga kanisa na dola. Lakini yapo majeraha. Mwaka 1968 serikali iliifunga jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, ikaja BAKWATA, baraza la Waislamu tulilonalo sasa, na hadi leo wapo wanaouliza mamlaka ya nchi yalikuwa nje au ndani ya uendeshaji wa dini. Makubaliano ya serikali na makanisa ya mwaka 1992 kuhusu hospitali na shule, Mahakama ya Kadhi iliyopo Zanzibar na isiyopo Bara, sensa isiyouliza dini tangu 1967 na wengine wakaisusia mwaka 2012 kwa sababu hiyo. Kila upande unaona mwenzake kapendelewa. Dawa ni kuwabana watawala wasimame katikati kweli. Wapiganaji wanaotaka dola iwe na dini tumewaona upande wa pili wa Ruvuma tangu 2017, na Oktoba 2020 moto wao ulifika Kitaya, mkoani kwetu. Waliochinjwa walikuwa waumini, wa dini yangu na ya kwako.

Ndiyo maana nimeandika kwa urefu. Hili la Dastan linaweza kwisha vizuri kama mtalitenga na lile la Katiba.

Sasa nijibu wewe. Kesi imepangwa lini, na ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au mmeshapanda Mahakama Kuu? Wakili yupo, au mnamtegemea Mwalimu Nangoma? Dastan alisema hakuna Mungu, au alisema hajui? Mama yake anasemaje, maana katika barua nzima hukumtaja hata mara moja? Asha ana umri gani, na baba yake ni yule wa Mitwero au mwingine? Wameshapeleka taarifa ya ndoa, au ni maneno tu? Kaka yako atakubali nimpigie simu, au ataona namwingilia? Kama atakubali, nitumie namba yake kwa Bi Somoe, anarudi huko Alhamisi na gari la asubuhi. Mpe pia na debe langu.

Wako,
Mwanaidi